Herufi Iliyobaki Kwenye Wimbo wa Uliana

Herman alipomleta yule binti kwa Nonna Tarasivna, theluji ya Machi ilikuwa imeshageuka tope, na wote wawili walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nonna aliwapa ndala za wageni, akabandika birika jikoni, akamtazama binti kwa pembe ya jicho. Alikuwa wa miaka ishirini au ishirini na mmoja, mrefu, mikono ameikumbatia kifuani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Sema kitu," Nonna alimwambia.

"Niseme nini?"

"Basi, imetosha. Unatoka milimani, upande wa Kosiv."

Binti aliangua kicheko. "Kosiv kabisa. Umejuaje, mwalimu?"

"Umenieleza mwenyewe sasa hivi."

Herman alipiga goti lake kwa kiganja. "Unaona? Ndiyo shida yenyewe hiyo." Alikuwa prodyuza wa muziki, mtu mnene mwenye haraka, na jina lake lenyewe lilitosha kuwa mfano. Kwao Vinnytsia aliitwa Herman, kwa ile h laini ya Kiukraini. Akipiga simu Moscow alijitambulisha kuwa ni German, kwa g ngumu ya Kirusi. Ungeweza kukaa chumba cha pili na kujua anaongea na nani.

Binti aliitwa Uliana Fedyshyn, ingawa kwenye jalada la albamu angeitwa Liana tu. Nyimbo zilikuwa kumi na moja, zote za Kirusi. Watu wa Moscow walikuwa wamesikiliza nyimbo mbili za majaribio wakaipenda sauti, lakini walitaka ulimi usafishwe kwanza.

"Kila g anaigeuza h," Herman alisema. "Akifungua mdomo tu wanasikia kuku na ng'ombe. Nonna Tarasivna, nitolee hicho kijiji mdomoni mwake. Nakupa mpaka Juni."

"Na kwa nini asiimbe lugha yake?"

"Mama, utanunua wewe? Redio zetu wenyewe hapa Kyiv zinapiga Kirusi tangu asubuhi. Mwaka huu wa elfu mbili na tatu bado unaniuliza hivyo?"

Nonna hakuendelea. Alikuwa ameuliza kwa mazoea tu, kama mtu anavyouliza habari za barabarani. Akamgeukia Uliana. "Na wewe unataka?"

"Nataka," Uliana alisema bila kusita. "Mama yangu yuko Napoli mwaka wa nne, anamwogesha mzee wa watu. Nimemwahidi albamu ikitoka atarudi nyumbani."

Wakaanza siku iliyofuata.

Nonna alikuwa na miaka sitini na moja. Kwa miaka thelathini na moja alisoma habari na hali ya hewa redioni kwa Kirusi, mpaka siku walipoamua hawahitaji tena watu wa umri wake. Tangu hapo alifundisha matamshi nyumbani kwake, ghorofa ya nne, mtaa wa Podil: waigizaji, mawakili, mara moja padri mwenye kigugumizi. Mbinu zake zilikuwa za zamani. Alimpa Uliana kizibo cha chupa akibane kwa meno na kusoma gazeti kwa sauti. Alimweka mbele ya kioo atazame sehemu ya nyuma ya ulimi ikipanda na kugonga paa la mdomo. H ya Kiukraini inatoka kooni kama pumzi ya mtu aliyepandisha ngazi. G ya Kirusi inagonga. Ni tofauti ndogo, lakini huko mtu hutambulika kwayo kabla hajamaliza salamu, kama vile mtu wa bara anavyotambulika akifika Zanzibar.

"Ga, go, gu," Nonna alisema.

"Ga, go, hu."

"Gu."

"Gu. Mwalimu, nasikika kama bata mzinga."

"Bata mzinga ana g nzuri kuliko wewe. Rudia."

Uliana alikuwa mcheshi na mchapakazi. Alitafuna kile kizibo mpaka ufizi ukatoka damu, akasuuza mdomo kwa maji ya chumvi, akaendelea. Mchana walikula pamoja, supu ya bitiruti na mkate mweusi, na mezani Nonna hakumruhusu kusema hata "nipe chumvi" kwa Kiukraini. Mwisho wa Aprili g ilikuwa imekaa katika maneno ya kusoma. Mwisho wa Mei ilikuwa imekaa hata akikasirika, na hicho ndicho kipimo cha kweli.

Siku moja ya Juni, mama yake alipiga simu kutoka Napoli wakati wa somo. Uliana alipokea pale ukumbini, na Nonna, aliyekuwa akipanga vikombe, alimsikia akianza kuongea na mama yake, akakwama, akarudia neno, akakwama tena. Kisha Uliana akasema, kwa sauti ya kujitetea, "Hapana mama, sijakaukiwa koo. Ni mazoezi tu."

Alirudi akiwa ameinamisha uso. "Ameniuliza mbona naongea naye kama karani wa posta," alisema, akajaribu kucheka.

Nonna aligeukia sinki, akafungua bomba na kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kwa sababu jambo hilo lilikuwa limeshampata yeye. Alizaliwa katika kijiji cha mkoa wa Poltava, na alipokuja Kyiv akiwa na miaka kumi na saba kutafuta nafasi ya kusomea uigizaji, walimsikiliza dakika mbili wakamwambia arudi kukamua ng'ombe. Hakurudi. Alijiunga na kozi ya watangazaji, na huko mwalimu mmoja alimgonga vidole kwa penseli kila alipotoa h mahali pa g, miezi saba mfululizo, mpaka ikafa. Alipopewa zamu yake ya kwanza, aliandika barua nyumbani wakae karibu na redio ya ukutani. Walikaa, na majirani walijaa. Dada yake Paraska ndiye aliyemsimulia baadaye. Mama yao alisikiliza habari za mavuno kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema mbele ya watu wote, "Huyo si wangu. Huyo ni wa serikali." Akaenda kulisha nguruwe.

Mama alikufa mwaka wa themanini na moja. Nonna alisimama kaburini kusema maneno mawili ya kuaga kwa ulimi wake wa redioni, na katika safu ya nyuma akasikia mashangazi wakicheka kwa pua, si kwa ubaya, ila hawakuweza kujizuia. Tangu siku hiyo kijijini alikwenda mara chache, na akienda aliongea kidogo.

Hayo hakumwambia Uliana. Alimaliza kuosha kikombe, akasema, "Tuendelee na ukurasa wa tisa."

Kurekodi kulianza Julai katika klabu ya zamani ya wafanyakazi wa kiwanda, ambako Herman alikuwa amekodi vyumba viwili na kubandika mablanketi ukutani. Kila siku Nonna alikaa kando ya Sava, fundi wa mitambo, hedifoni masikioni, penseli nyekundu mkononi, mbele yake karatasi za mashairi. Kazi yake ilikuwa moja: akisikia h, azungushe neno, na Uliana arudie. Herman alimwamini kuliko mashine. "Wewe ukisema safi, nafunga," alimwambia.

Nyimbo kumi zilikwisha katika wiki tatu. Zilikuwa nyimbo za kucheza, za majira ya joto na simu zisizopokewa, na Uliana aliziimba vizuri, kila g ikigonga mahali pake. Nonna alizisikiliza kama fundi cherehani anavyokagua mshono. Hazikumgusa.

Wa kumi na moja ulikuwa wa polepole. Mwanamke yuko kituo cha reli, na kiitikio kinaishia kwa maneno "barabara yangu". Kwa Kirusi barabara ni doroga. Kwa Kiukraini ni doroha. Neno ni lile lile, tofauti ni herufi moja.

Asubuhi ya siku hiyo Uliana alifika amechelewa, macho mekundu. Mama yake alikuwa aje likizo Agosti, miaka minne bila kuonana, na sasa yule mzee wa Napoli alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga. Familia ya mzee ilimlilia mama asiondoke.

"Tuahirishe?" Sava aliuliza.

"Tusiahirishe," Uliana alisema. "Nipe maji tu."

Akaimba mara ya kwanza, akakosea tuni. Akaimba mara ya pili, ikawa sawasawa, haina kosa. Herman akasema, "Moja zaidi, kwa akiba." Mara ya tatu akafumba macho, na kitu kikaja. Sauti ilishuka chini zaidi ya nyimbo zote alizokuwa ameimba kiangazi kile, haikujitahidi kupendeza mtu, na alipofika mwisho wa kiitikio cha mwisho alisema doroha. Ilitoka kooni na pumzi nyingi, kama wanavyoisema Kosiv. Na kama walivyoisema katika kijiji cha Nonna.

Nonna aliishika penseli. Alimwona Sava akigeuza kichwa kidogo, akamtazama, akarudisha macho kwenye mitambo. Sava alikuwa amesikia, au hakuwa na hakika. Ile haikuwa kazi yake.

"Mungu wangu," Herman alisema taratibu. Hata yeye alikuwa ameguswa, naye si mtu wa kuguswa. "Hii ndiyo. Nonna Tarasivna, iko safi?"

Angeweza kusema. Lingerudiwa neno moja, dakika kumi, na Sava angeliunga. Alijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani.

"Safi," Nonna alisema, akaweka penseli chini.

Albamu ilitoka Oktoba. Kulikuwa na sherehe katika klabu moja karibu na mto, samaki wa moshi juu ya vipande vya mkate, waandishi wa habari, Uliana katika gauni la fedha ambalo lilimbana asiweze kukaa. Alimwita Nonna jukwaani akamtambulisha kuwa ndiye aliyempa ulimi. Watu walipiga makofi. Nonna alitabasamu. Wiki hiyo vibanda vyote vya kanda chini ya kituo cha reli vilipiga nyimbo za Liana, na kila Nonna alipopita alitembea polepole akisubiri wimbo wa kumi na moja. Ulipofika kwenye lile neno, kwa muda mfupi, alijisikia kama mtu aliyeficha kitu cha thamani mahali pa wazi, na hakuna anayekiona.

Moscow walikiona.

Kulikuwa na kipindi cha televisheni cha Jumamosi, cha vichekesho, kinachotazamwa mpaka Vladivostok, mwisho wa Urusi. Mtangazaji wake alimkaribisha Liana, akamsifu, akampa maua, kisha akaomba wapige ile sehemu ya mwisho ya ule wimbo wa polepole. Neno lilipotoka, aliinua kidole. "Doroha," alirudia, akivuta ile h kama mbwa mwenye kiu. "Ha, ha, ha. Mrembo, barabara yako inapita zizini?" Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Uliana alikaa pale na maua yake, akitabasamu bila kuelewa, na kamera ikamkaribia. Akajaribu kusema kitu, na kwa woga ile kazi yote ya miezi mitatu ikaporomoka. Kila neno likatoka na h. Wakazidi kucheka.

Jumatatu kampuni iliyokuwa imeandaa ziara yake ya miji tisa ya Urusi ilisema itasubiri kwanza. Jumanne Herman alikuja kwa Nonna, safari hii bila kuvua viatu.

"Niambie hukusikia," alisema. "Niambie umezeeka, masikio yamechoka. Nitakuelewa."

Nonna alikuwa amesimama, mkono juu ya kiti. Uongo ulikuwa tayari umeletwa mpaka mdomoni kwake, ilibaki kuutamka tu. "Nilisikia," alisema.

"Basi wewe ni mgonjwa," Herman alisema, na akaondoka. Nyayo zake za tope zilibaki kwenye zulia.

Uliana alikuja siku tatu baadaye, peke yake, mchana. Alikuwa amevaa koti la kila siku na hakujipaka chochote usoni. Nonna alitaka kumkumbatia. Binti aliketi haraka upande wa pili wa meza.

"Herman ananiambia jambo, siliamini. Nimekuja unikanushie. Ulilisikia lile neno siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mimi sikulisikia, mwalimu. Nilikuwa nalia. Nilikuachia wewe masikio yangu." Aliongea Kirusi, safi kabisa, na hilo lilimuuma Nonna zaidi. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Kwa sababu lilikuwa zuri. Katika albamu yote, Uliana, hilo ndilo neno pekee lililokuwa lako. Sikuweza kulifuta."

"Langu?" Uliana alirudia. "Mimi nilikuja kwako kwa miguu yangu ulitoe. Nani alikuomba unitunzie? Ningelitaka, ningebaki Kosiv naimba harusini, wangenipa mkate na soseji, nikalala na amani yangu." Akamnyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyelitaka. Miaka yote hukuthubutu kulisema kwa kinywa chako, ukaona lisemwe kwa changu. Aliyechekwa ni nani? Ni mimi. Na mama yangu aliona. Alhamisi ni siku yao ya mapumziko, wanawake wote wa kwetu walioko Napoli wanakaa pamoja uwanjani, na wote walikuwa wameshakitazama kile kipindi. Wanampa pole kana kwamba nimekufa."

Nonna alitaka kumsimulia kuhusu redio ya ukutani na makaburini na wale mashangazi, na akaona mara moja kwamba akisimulia atakuwa anathibitisha kila neno.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui," Uliana alijibu. Haikuwa hasira tena, alikuwa amechoka tu. Mlangoni, akifunga koti, alisema bila kugeuka, "Ulikuwa mwalimu mzuri. Ndiyo maana inaniuma."

Walirekodi upya ule wimbo Novemba, na mwalimu mwingine. Diski mpya zilipotoka, Nonna alikwenda sokoni Petrivka, akamwuliza muuzaji kama hii ni ile iliyorekebishwa. Kijana aligeuza diski huku na huku.

"Imerekebishwa nini, mama? Liana ni Liana."

"Wimbo wa mwisho."

"Huo watu wanaruka. Wanataka ule wa pili, wa kucheza."

Aliinunua, akaisikiliza nyumbani mara moja. Neno liligonga mahali pake. Ilikuwa g ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipanda, na mwalimu yule mwingine hakuwa na kazi kubwa. Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, na hakuna aliyekuwa akilia ndani yake. Baadaye Sava alimwambia kwamba Uliana alihamia Moscow mwaka uliofuata, anaimba nyuma ya waimbaji wakubwa zaidi, analipwa vizuri, na mama yake alirudi Kosiv baada ya miaka mingine miwili. Miwili ambayo pengine isingekuwepo. Nonna aliihesabu kuwa ni juu yake, na hakuna aliyejitokeza kumbishia.

Hakuchukua tena mwanafunzi wa kuimba. Agosti ya mwaka wa pili baada ya albamu kutoka alipanda basi kwenda kwa dada yake Paraska, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Paraska alikuwa sasa mjane, mgongo umempinda, bado ana ng'ombe mmoja. Siku ya pili walikuwa chini ya mipea wakiokota mapea yaliyoanguka, na Nonna, aliyekuwa amejipanga tangu Kyiv, aliomba ndoo kwa lugha ya kwao, na akayaita mapea jina lao la nyumbani, kwa h badala ya g.

Paraska alisimama. "Unanicheka?"

"Sikucheki."

"Mbona unaongea kama yule mwigizaji wa televisheni anayeiga wanakijiji?"

"Ninajaribu tu, Paraska. Nataka kuongea kama tulivyokuwa tunaongea."

Dada yake alimtazama, akiwa hajui kama akasirike. "Si hivyo," alisema mwishowe. "Unaivuta mno. Iache itoke yenyewe." Akalisema lile neno la mapea, haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyokohoa.

Nonna alirudia.

"Si hivyo," Paraska alisema.

Akarudia tena, na tena, huku mikono ikiendelea kuokota. Ilipojaa ndoo ya tatu Paraska alisema amechoka kusikiliza, waende wakakamue. Nonna alibeba ndoo mbili, dada yake moja, wakapanda mteremko. Usiku ule na siku zilizobaki waliongea mambo ya bei ya majani ya ng'ombe na ya paa linalovuja, kila mmoja kwa ulimi wake, na Jumapili Nonna akapanda basi la saa nne kurudi mjini.